Na Kibuyu cha Mursik hadi Kiota cha Korongo

Wenzangu wa kituo cha majani, tangu nirudi mmeniuliza mambo mawili: nilikuwa wapi siku nne zile, na mikono yangu imekatwa na nini. Chai haikati mtu hivi. Kila nikianza kueleza, karani anafungua mizani, foleni inasonga, na hadithi inabaki kwenye gunia. Kwa hiyo nimemwomba mdogo wangu Chebet daftari lake la zamani, lile lililobaki na kurasa nyuma, nikaandika. Atakayemaliza ampe mwenzake. Shule niliiacha darasa la saba, basi mkikuta kosa, lipiteni.

Kwanza nirekebishe kitu. Wengi wenu mnajua kwamba ndugu yangu Kiprono ni mwalimu mahali fulani karibu na ziwa. Ni mimi niliyewaambia hivyo, na si kweli. Kiprono aliacha chuo cha ualimu mwaka wa pili akaenda kukaa kwenye matope kulinda ndege. Siku aliyonipigia kunieleza, nilikuwa katikati ya mstari, kikapu kimejaa mgongoni, mvua inaninyeshea, na karo yake ndiyo iliyokuwa ndani ya kikapu kile. Nikamwambia, "Usikanyage hapa mpaka uwe mwalimu." Nikakata simu.

Miaka mitano imepita. Anapiga simu, anatuuliza hali, anamtumia Chebet viatu. Lakini hajakanyaga. Kiprono hushika neno, na neno lile lilitoka kwangu, mimi niliyemlea tangu mama afariki na baba akamfuata mwaka huohuo.

Sasa Chebet, mdogo wetu wa mwisho, anachumbiwa. Koito ilipangwa Jumamosi, wageni waje kumwomba rasmi, na siku hiyo kiti cha baba ni lazima kikaliwe. Baba mdogo alisema atakaa yeye. Chebet alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka.

"Huyo alitaka kutugawa kama ndama siku ya matanga," alisema. "Wewe ndiye ulikataa. Asipokuja Kiprono, wageni warudi na njia yao."

Mnamjua Chebet. Akisema polepole ndiyo amemaliza.

Nikampigia Kiprono, nikamwambia aje. Nikasikia maji upande wake.

"Dada, sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini ulisema. Na sasa unataka kulitoa kwa simu, kama mtu anayeagiza sukari?"

Alikuwa na haki. Kwetu neno zito la aliyekulea, yeye mwenyewe hulirudisha, uso kwa uso, na maziwa yakiwa mkononi. Nikachukua sotet ya mama, kile kibuyu chenye mkanda wa shanga, nikakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, nikajaza mursik, maziwa yetu ya kuchachisha, iliyokaa wiki mbili, nikafunga kifuniko kwa kamba. Nikakunja aproni yangu ya manjano ya kuchumia, kwa sababu mvua haiulizi, nikatoka.

Boito hadi kiwandani

Jumanne asubuhi nilipanda lori la majani. Dereva alinipa nafasi mbele, kibuyu nikakipakata. Lori la majani halimpeleki mtu, mtu ndiye anayefuatana nalo. Tulisimama kila kituo, tukapima, tukapakia, dereva akagombana na karani, tukaenda. Nilidhani saa nne nitakuwa Kericho. Saa sita bado tulikuwa tunaangaliana na mabati ya kiwanda.

Lakini barabara ile inapita juu ya bwawa letu, na kabla sijawapeleka mbele nataka mlione nilivyoliona mimi kutoka dirishani: kijani kitupu, magugu kutoka ukingo hadi ukingo, maji hayaonekani. Ninyi wageni wa kituo mnadhani lilikuwa hivyo siku zote.

Zamani baba alikuwa akiosha jembe pale jioni. Siku moja alirudi bila jembe, akatuita kwa mkono tu. Tulimfuata kwa vidole vya miguu. Ndani ya maji ya magotini alikuwa amesimama ndege mrefu kumpita Kiprono wa wakati ule. Kichwa na shingo vilikuwa rangi ya udongo wetu, mgongo rangi ya mvua inayokuja, mdomo kama panga. Hakutikisika. Tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi, na yeye bado. Kisha, bila kuonekana alivyoanza, shingo ilikuwa ndani ya maji na kutoka tena, na samaki mkubwa alikuwa anapigapiga mkia hewani.

"Huyo ni korongo," baba alisema. "Samaki mmoja kama yule kwa siku anamtosha. Ndiyo maana hana haraka."

Alikuwa akija kila kiangazi, peke yake, anasimama upande uleule wa jembe la baba. Kiprono akaanza kuniita Korongo, kwa sababu ya miguu yangu na kwa sababu sikuwa msemaji. Nilimchapa mara nyingi kwa hilo.

Baba alipofariki hakuna aliyeng'oa magugu tena. Kiangazi kilichofuata korongo alikuja, akazunguka juu ya bwawa kwa mabawa yake ya polepole, mara ya kwanza, ya pili, hakupata pa kutua, akaondoka. Mimi nilikuwa kwenye chai, sikumwona. Kiprono ndiye aliyekuwa ukingoni. Alirudi nyumbani akasema, "Amekuja akakuta kumefungwa." Nikamwambia akachote maji, ugali unangoja.

Haya yote nilikuwa nimeyasahau. Yalinirudia kwenye lori, na kibuyu mapajani.

Sosiot, ambako nilingoja

Kericho mvua ilinikuta kama kawaida yake, na nilipofika Sosiot jioni ilikuwa imeshuka, hakuna gari la kwenda mbele. Niliingia hoteli moja ya chapati na maharagwe kungoja. Nilikaa pembeni, kibuyu nikakiweka juu ya meza. Mzee mmoja wa gambuti alikitazama, akanitazama, akavuta kiti, akanisalimu.

"Chamgei. Nani ameshinda?"

"Chamgei mising. Ameshinda nini?"

"Si unapeleka mursik? Ni mwanariadha wenu gani? Ni ya mita ngapi?"

Kwetu mshindi wa mbio hupokewa kwa mursik, lakini nikamwambia hakuna mtu aliyekimbia. Hakuniamini. Aliwaambia wengine kwamba huyu mama ana mtoto ameshinda huko ng'ambo na anaficha, na mwenye hoteli akakataa pesa ya chapati ya pili kwa heshima ya mshindi. Nilijaribu kusema tena. Mzee akaniinamia.

"Basi ni ya nani, kama hakuna aliyeshinda?"

"Ya ndugu yangu. Nilimfukuza."

Akaondoa kofia yake akaiweka gotini. Alikaa nami mpaka chai yangu ikaisha, bila kuuliza kingine, kisha akanionyesha nyumba ya mama mmoja wa kanisa letu ambako nililala. Chapati ile ya mshindi niliilipia asubuhi. Mwenye hoteli alikasirika.

Kuteremka kutoka Sigowet

Jumatano nilifika Sigowet saa nne, na hapo nikapata pikapu ya kabichi inayoteremka. Juu ya kabichi alikuwa ameketi mwanamke mnene wa makamo, kilemba chekundu, na mikeka miwili aliyokosa kuuza sokoni. Alisogea nikapanda. Jina lake Mama Awuor, mtu wa ziwani, anasuka mikeka ya mafunjo.

Huko chini si kama kwetu. Unateremka, na kila kona joto linakuongezea nguo moja. Chai inaisha, yanakuja mahindi, kisha miwa, kisha miti yenye miiba, na upepo unakuwa kama wa jikoni. Katikati ya mteremko gurudumu likatoboka. Dereva alikuwa na gurudumu la akiba, lakini nalo lilikuwa limetoboka tangu Ijumaa. Akaliviringisha kutafuta fundi, akatuacha sisi wawili na kabichi.

Tuliketi kwenye kivuli cha pikapu. Mama Awuor akafungua sufuria: ugali wa mtama na samaki mzima, macho yakiwa mahali pake. Akanivunjia kichwa akaniwekea.

"Hiyo ndiyo tamu. Nimekupa kwa sababu wewe ni mgeni."

Sijawahi kula kichwa cha kitu kinachoniangalia. Nilikigeuza kikaangalia kabichi, nikala.

"Na wewe umebeba nini hapo kama mtoto?"

"Maziwa."

"Na hii jua? Hiyo sasa ni sabuni."

Nilitaka kumweleza kwamba mursik haiharibiki. Lakini mimi ni mtu wa milimani, sijawahi kufikiri maziwa yaliyochacha kwenye baridi yetu yatafanya nini kwenye joto lao. Kibuyu kikasema *po*. Kifuniko kilipita sikio langu, na mursik ikapanda hewani ikamshukia Mama Awuor kwenye kilemba, usoni, na kwenye mkeka mmoja.

Alikaa vile alivyo. Tone lilimfika kwenye mdomo akalilamba.

"Wewe mama," akasema, "hiyo ni maziwa ama ni bunduki?"

Nikaanza kumfuta kwa aproni, naomba msamaha kwa lugha zote. Akaangalia kidole chake.

"Na ina vitu vyeusi. Imeungua?"

"Ni mkaa. Tunaweka kwa makusudi."

"Mnakunywa mkaa."

"Nanyi mnakula kichwa kikiwaangalia."

Hapo akacheka mpaka akashika gurudumu. Nilichungulia kibuyu: nusu ilikuwa imebaki. Nikaanza kulia, si kwa sauti, na yeye akaacha kucheka. Nikamwambia habari yote, Chebet, kiti, neno langu, Jumamosi. Alisikiliza huku akijipangusa.

"Huyo ndugu yako, si yule Mkipsigis wa ndege? Mrefu, hana maneno?"

"Unamjua?"

"Nisimjue? Mafunjo mazuri kabisa ya mkeka yako pale kwa kiota, na mwezi mzima amesimama pale kama askari. Amenikosesha mikeka sita. Nikimwona huwa namtukana mpaka nachoka, na yeye anasema tu, 'Sawa mama, lakini si hapa.'" Akakunja mkeka uliolowa. "Mimi pia ni kifungua mimba. Nilibaki na wadogo wanne."

Dereva alirudi alasiri. Tuliposhuka kwenye njia ya ziwa, Mama Awuor alibeba mkeka wake uliolowa maziwa, mimi nikabeba ule mkavu.

Kwenye mafunjo

Mafunjo yanamzidi mtu kimo mara mbili, na juu kila shina lina nywele kama kichwa cha mtoto ambaye hajanyolewa. Chini ni maji meusi. Mama Awuor alinisukuma kwa mtumbwi wake kwenye kijia chembamba, akipiga kelele kwa mbele, "Wewe askari wa ndege! Nimekuletea polisi wako!"

Kiprono alikuwa amesimama ndani ya maji ya magotini, suruali imekunjwa, daftari mkononi. Amekonda. Ndevu zimeota, na zimeota kama za baba, upande mmoja kuliko mwingine. Sikuwa nimejiandaa kwa ndevu.

"Korongo," akasema.

Nilishika kibuyu nianze pale pale, lakini akainua mkono. "Kesho. Uone kwanza nilichokuwa nakifanya. Ukishaona, useme unavyotaka. Hata ukitaka kurudia lile la kwanza."

Jioni, kibandani kwake, alinieleza mengi kuhusu ndege wake kuliko aliyonieleza maisha yake yote kuhusu kitu chochote. Kwamba huyu ndiye mkubwa kuliko ndugu zake wote wa jamii ile. Kwamba hapendi wenzake, wa karibu zaidi ni mke ama mume, na hao nao wanapokezana kiotani, mmoja akija mwingine anaondoka. Kwamba ukimsumbua mara moja anaweza kuhama asirudi. Vikundi vya hapo kijijini vimekubali kutokata mafunjo kuzunguka kiota mpaka makinda yaruke, na yeye ndiye waliyemweka kulinda na kuandika.

"Unaandika nini?"

"Wanaingia saa ngapi, wanatoka saa ngapi, wamekula nini. Na makinda ni…" Akanitazama, akafunga mdomo. Alichukua kalamu akaandika tarakimu kwenye daftari, akalifunga.

Kwetu watoto na ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Miaka mitano kwenye matope, kazi yake ni kuhesabu, na mbele yangu alihesabu kwa kalamu. Nililala nikiwaza hilo.

Ukuta wa majani

Alhamisi tulitangulia jua. Alikuwa amejenga ukuta wa matete juu ya tuta dogo la matope, na mmea wa kutambaa umeufunika wote kwa majani mabichi, umeacha tundu dogo la kuchungulia. Kulikuwa na umande mwingi, nikavaa aproni yangu. Hakusema kitu, kwa sababu nyuma ya ukuta haionekani. Akanong'ona, "Kaa. Usiongee. Usisimame."

Kukaa bila kuongea ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nilikaa.

Na nikamwona. Wenzangu, nilikuwa nimemkumbuka vibaya, nilikuwa nimempunguza. Alikuwa amesimama kwenye jukwaa la matete yaliyolazwa, miguu kama mipini ya jembe, udongo wetu uleule shingoni. Chini yake vichwa vidogo vyenye manyoya yaliyosimama vilikuwa vinatikisika. Aliinama, polepole kama mtu mzima anayeokota sindano, akawatapikia samaki. Wakagombana. Yeye akainua kichwa akaangalia mbali, kama mama anayesikia watoto wanagombana na hana nguvu ya kuwaamulia.

Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa kwenye bwawa letu, baba yuko kushoto kwangu, Kiprono kulia, Chebet mgongoni. Nilitamani hata harufu ya gunia alilokuwa akijifunika baba.

Ndipo ndege akageuza shingo akatutazama. Si upande wetu tu, sisi wenyewe. Akatoa sauti nzito, kama mbwa mkubwa anayebweka ndani ya pipa, akafungua mabawa na kuondoka.

Kiprono alinigeukia. Hakuangalia uso wangu, aliangalia mapaja yangu. Nami nikaangalia. Kulikuwa na rundo la majani. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, yamechumwa safi, hakuna hata moja la kukataliwa kwenye mizani. Mikono yangu ilikuwa imefanya kazi yenyewe, na kwenye ukuta mbele ya kifua changu kulikuwa na shimo ukubwa wa sinia, na ndani ya shimo aproni ya manjano inawaka kama taa.

Miaka ishirini na mmoja ya kuchuma. Niweke mbele ya kitu kibichi, uniambie nitulie, na hayo ndiyo matokeo.

Alinitoa kwa mtumbwi mpaka mbali, nyuma ya mafunjo mengine, akafunga kamba. Alitoa darubini akaiweka machoni, na hakuitoa.

Jua lilipanda. Nilimwomba darubini mara moja akanipa. Makinda yalikuwa yamefungua midomo, na ngozi ya koo zao ilikuwa inatetemeka upesi upesi. Hakuna kivuli pale. Mwenye kivuli alikuwa ameruka.

"Watakufa?"

"Jua likiwapiga mpaka alasiri, ndiyo."

"Tukawafunike."

"Tukienda ndiyo hatarudi kabisa." Kisha, bado anaangalia mbele, "Miaka mitano nawaambia watu wa hapa wasiguse. Mama Awuor na panga lake hajagusa. Aliyegusa ni wa kwetu."

Nilikalia mikono yangu. Niliiweka chini ya mapaja, viganja juu ya mbao za mtumbwi, nikaikalia.

"Kiprono," nikasema, "hata asiporudi, nina neno lako hapa."

"Asiporudi, Jumamosi siji. Nitakaa kwenye kiti cha baba nikiwa nimeacha nini nyuma?"

Saa tatu. Saa nne. Joto lilikuwa limekalia maji. Nilimweleza habari za chai, nani amekufa, nani ameoa, kwa sababu ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Nikamweleza pia kwamba nilikuwa nawaambia watu yeye ni mwalimu. Bega lake likatikisika kidogo. Nadhani alicheka, ama hakupenda.

"Siku ile korongo alikosa pa kutua," nikasema, "nilikutuma maji. Sikukuuliza alizunguka mara ngapi."

"Mara tatu."

"Mimi nilikuwa nimebaki na mbili."

"Ya tatu alishuka chini sana. Nilidhani atatua juu yangu." Akafuta jasho. "Nilisimama bila kutikisika, ili anione kama mti."

Saa sita kivuli kilipita juu ya maji. Alitua mbali, kwenye kina kifupi, akasimama. Kiprono alinishika mkono wa juu, mkono wenyewe nilikuwa bado nimeukalia. Ndege hakusogea. Nilihesabu pumzi nikaacha. Akapiga hatua moja. Akasimama tena, muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Hatua nyingine. Nilitaka kumsukuma kwa macho. Baba alisema hana haraka, lakini baba hakuwa ameona midomo ile iliyofunguka.

Kisha akaruka mruko mfupi, akapanda kiotani. Hakuwalisha. Aligeuza mgongo kwa jua, akafungua mabawa nusu, akayashusha pande zote mbili kama mtu anayeshika shuka mlangoni, na makinda yakaingia chini ya kivuli yote. Alisimama hivyo. Jua lilimpiga yeye.

Kiprono alishusha darubini. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya vioo.

"Unakumbuka ulikuwa unatufunika na hiyo aproni kwenye mstari? Mimi na Chebet. Mvua inakupiga wewe."

"Haikuwa hii. Ile ilikuwa ya kijani."

"Haya basi, ya kijani."

Nikatoa mikono chini ya mapaja, imekufa ganzi. Nikafungua kibuyu. Nilimimina kidogo kwenye kiganja, nikampulizia kifuani kumbariki, kama alivyokuwa akifanya mama, na nikasema yale niliyoyatunga njiani kote, ila yote yalipotea isipokuwa haya: "Neno nililokuambia kwenye mstari nimelirudisha. Kwetu ni kwenu. Hata uwe na matope."

Akashika kibuyu kwa mikono miwili akanywa.

"Imekaa wiki mbili," akasema. "Ulianza kuitengeneza kabla hata hujanipigia."

Nikatafuta kifuniko.

Kurudi

Kulikuwa na jambo moja bado. Jumamosi ni siku ya soko kubwa, na Ijumaa na Jumamosi ndipo watu wanapokata mafunjo zaidi. Kiprono hakuwa na wa kumwachia. Tulikuwa tunalizungumza pale nchi kavu wakati Mama Awuor alipokuwa anafua kilemba chake, mara ya pili, kwa sababu bado kilinuka.

"Nendeni kwenu," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nitakaa pale na mkeka wangu, nisuke. Nione ni nani ataleta panga."

"Mama, wewe mwenyewe ndiye mwenye panga," Kiprono akasema.

"Ndiyo maana. Mwizi mwingine ataniogopa." Akakamua kilemba. "Na wewe mtu wa majani, mwambie huyo msichana wenu aolewe vizuri. Nimelipia na nguo."

Kupanda kulikuwa rahisi kuliko kuteremka. Sosiot yule mzee wa gambuti alikuwa pale pale hotelini. Alimwangalia Kiprono kutoka viatu hadi ndevu, kisha akaniuliza mimi, "Huyu ndiye aliyeshinda?" Nikasema ndiyo. Mwenye hoteli safari hii nilimwachia atupe chapati.

Jumamosi wageni walikuja. Kiprono alikaa kwenye kiti cha baba, suruali ya kuazima, matope bado chini ya kucha. Baba mdogo alikaa pembeni na hakusema kitu, namshukuru. Mimi nilisimama mlangoni upande wa ndani, na kila wageni walipouliza neno, Kiprono alisema, "Ngojeni kidogo," akageuka kunitazama. Nikiitikia kwa kichwa anajibu. Nisipoitikia anangoja. Shughuli ya nusu siku ilichukua siku nzima. Sikuketi, sikusogea. Kila alipogeuka alinikuta.

Jumapili aliondoka. Nilimsindikiza hadi barabarani, na kibuyu kimejaa tena, kifuniko kimelegezwa.

Bwawani

Tulipita bwawani. Alisimama ukingoni akaliangalia. Kisha akaniambia kwamba makinda yakijua kuruka hutawanyika, kila mmoja anatafuta maji yake, mengine hufika mbali sana. Wanataka maji wazi ya magotini, na mahali pa kusimama bila kusumbuliwa. Hakuniahidi kitu. Kiprono hamwahidi mtu ndege.

Basi ndiyo hiyo mikono mliyoiona. Kila jioni baada ya mizani nateremka kung'oa magugu, na yale majani ya ukingoni ni wembe mtupu. Nimefungua upande mmoja, ule aliokuwa akioshea jembe baba. Maji yameonekana, meusi, na jana kulikuwa na kitu kilichotikisa chini. Samaki bado wapo.

Chebet anaondoka kwenda kwake baada ya mavuno. Nyumba itakuwa na vikombe vingi kuliko watu.

Nikimaliza ukurasa huu nitateremka tena. Leo sing'oi kitu. Nitavua aproni niiache kwenye uzio, nikae kwenye nyasi upande wa jembe, mikono yangu nimeikalia.